Papa, Nilimwambia "Ni Muzuri"

Papa,

Nilitaka kuanza vile ulivyonifundisha: afya kwanza, kisha nyumba, kisha mvua, ndipo shida ipishwe iingie. Sasa afya nikuulize ipi? Tulikuzika. Watu wa msikiti walikubeba, na mimi nikabaki uani na wanawake nikikusomea Baba Yetu kimyakimya, maana hiyo ndiyo sala ninayoijua. Kwa hiyo leo unisamehe, naanza na shida.

Mwamini ameondoka.

Ameacha kamera juu ya meza, ile uliyompa wewe kwa mkono wako, mkanda wake ameukunja vizuri, na picha zake amezifunga ndani ya kipande cha kitenge. Akarudi kwao Lusangi. Hakugombana na mtu. Hakulia. Afadhali angenitukana, Papa, unanijua, matusi mimi nayaweza. Jana mama mmoja muuza karanga aliyetoka huko akaniambia kwamba shangazi yake Mwamini amemtafutia kazi ya kuuza chakula machimboni, kwa wachimba dhahabu, na soko lijalo halitamkuta kijijini. Na msichana akishaingia machimboni na sufuria kichwani, kutoka kwake si leo si kesho.

Wewe uliniachia neno moja tu pale kitandani. Hukusema chunga wateja, hukusema chunga mashine. Ulisema: "Riziki mama, nyumba ya picha ni yako. Huyu mutoto, umumalizie kumufundisha." Nikasema ndiyo, Papa. Nilisema ndiyo haraka haraka ili ulale.

Ninaandika nimesimama, kiti kinanichoma. Namngoja Sumaili mwenye pikipiki anipeleke Lusangi. Alisema anakuja sasa hivi. Sasa hivi ya Sumaili unaijua: amekwenda kutafuta mnyororo, na nadhani mnyororo nao umekwenda kumtafuta Sumaili. Kila nikiandika mistari miwili naenda mlangoni kuchungulia barabara, narudi, nachungulia tena. Mpaka muuza sabuni wa ng'ambo ameniuliza kama nina deni na mtu.

Basi nikupe habari huku nangoja, na nitajitahidi kuandika vizuri. Wewe ulisema barua nayo iko na nguo yake ya siku ya Mungu.

Nyumba ya picha ipo. Watu bado wanasema "kwa Papa Amisi". Wengine wanaotoka mbali, wale wa Wamaza na wa kule Kabambare, wananikuta mlangoni wananiuliza Papa Amisi yuko wapi, na mimi nabaki kuonyesha juu kwa kidole. Lile pazia lako lenye maporomoko ya maji na ndege nimeliacha palepale, ingawa mabibi arusi hawalitaki tena, wanataka kupigwa picha nje, kwenye maua ya parokia. Nimeweka mashine mpya ya kutoa picha. Inakula umeme wa jua, na siku ya mawingu inagoma kama mwalimu asiyelipwa. Baada ya arobaini yako nikapaka chokaa ndani yote, mpaka mlangoni, maana rangi ya zamani ilikuwa imechubuka na watu wa picha ndogo za vitambulisho wanataka ukuta mweupe. Mama Zabibu, mke wako, alikuja akasimama akatazama. Akasema imekuwa safi. Kisha akajifunika uso kwa kitenge akaondoka bila kunywa chai. Nikasema moyoni ni huzuni tu, itapita.

Hapana, Sumaili hajafika. Ni pikipiki ya mwingine.

Papa, nikwambie nilivyomkosea huyu mtoto.

Unakumbuka alivyokuja. Shangazi yake alimleta ajifunze kazi yenye kulisha: vitambulisho, arusi, ubatizo, sikukuu. Umempa kamera aende sokoni, ameleta nini? Hakuna mtu hata mmoja. Ameleta mawese yanayoelea juu ya maji ndani ya beseni, mekundu, makubwa, hujui ni mafuta au ni mawingu ya jioni. Ameleta mistari ya magurudumu ya baiskeli kwenye matope. Ameleta neti ya mbu iliyokunjwa, nyeusi na nyeupe, basi. Mimi nikacheka. Nikakuuliza, "Papa, foto bila mutu ni foto gani?" Na wewe hukucheka. Ulinijibu, "Wewe ukiangalia mvua inakuja, unatafuta mutu ndani?" Nikakugeuzia mgongo kwa hasira. Ukakaa naye mlangoni siku ile mpaka adhana ya alasiri, wewe uliyepiga nyuso za Kasongo nzima, mababu na wajukuu, ukazigeuza picha zile za mafuta juu chini, juu chini, kama mtu anayechagua embe.

Mlangoni. Ndipo palipokuwa shule yako. Hukuhukumu picha mezani hata siku moja. Ulisimama mlangoni penye mwanga, mkono mmoja umeshika ukuta kwa sababu ya mgongo wako, mwingine umeshika picha, na picha umeigeuza kichwa chini. Aliyepiga hasemi neno. Wewe ndiye unaanza, unamwambia jicho lako limefanya nini: limeingia wapi, limekwama wapi, limetokea wapi. Kisha unamuuliza swali moja, "Ulisimama pale sababu ya nini?" Na mwisho unatoa vile vipande viwili vya kartoni ulivyovikata kwenye boksi la sabuni, kila kimoja kona ya dirisha, unaviweka juu ya picha, unafinya, unapanua, mpaka picha ya kweli ijitokeze mle ndani.

Unamkumbuka bibi arusi wa mbuzi? Ile ilikuwa arusi yangu ya kwanza kupiga peke yangu. Nilikuletea nimevimba kwa majivuno, nangoja unisifu mbele ya watu. Ukageuza picha, ukaisogeza kwenye mwanga. Kisha ukasema, "Jicho langu limeingia ku mbuzi." Nikasahau kwamba sina ruhusa ya kusema: "Mbuzi gani, Papa?" Weee! Kumbe nyuma ya shela mbuzi amesimama, na masikio yake mawili yanatokea kichwani mwa bibi arusi. "Limeingia ku mbuzi," ukasema, "limekaa ku mbuzi, na sasa linaomba ruhusa litoke." Nilicheka mpaka nikakaa chini, na palepale machozi ya aibu yakanitoka. Lakini hukuniacha hapo. Ulichukua kartoni zako, ukamfungia mbuzi nje, ukashuka, ukashuka, mpaka ukabaki mkono wa bibi arusi unaofinya kidole cha mama yake. Ukasema, "Hii ndiyo ulipiga. Hizi zingine zilikuja zenyewe." Kutoka siku ile mimi ni mpiga picha.

Haya yote niliyajua, Papa. Si kwamba nilisahau.

Siku ile wateja walijaa. Wanafunzi wa shule ya misheni wanataka picha za mtihani, mashine inagoma, mtoto wa mtu analia, mzee mmoja hataki kuvua kofia. Mwamini akaingia, akapanga picha zake mezani polepole, akaenda akasimama mlangoni. Hakusema neno, aliyepiga hasemi, ulimfundisha vizuri. Nikatazama. Yale mawese. Zile baiskeli. Na moja mpya, doa la kahawia katikati ya buluu iliyochoka, doa pana chini, juu limepasuka vipande vipande. Nikatazama, nikatazama, sikuona kitu. Nikamwambia, "Ni muzuri."

Akauliza, kama mdogo anavyomuuliza dada yake mkubwa, "Muzuri wapi, yaya?"

Nikasema, "Zote. Zote ni muzuri," na nikageuka kumvua yule mzee kofia.

Kesho yake nikakuta kamera juu ya meza.

Wewe ulinionya, hata mara ngapi sijui: "Muzuri ni neno la kusindikiza mugeni. Mwanafunzi si mugeni." Lakini pia uliniambia ulimi wangu uko na pilipili, na kwamba siku moja nitamchoma mtoto wa watu arudi kwao. Basi nilimeza pilipili. Nikasema huyu ni yatima wa mwalimu kama mimi, nimwambie neno tamu. Ndiyo, na kuna lingine, nalisema kwa sababu huwezi kunicheka: sikuelewa. Nilitazama lile doa nikaogopa kuonekana mjinga mbele ya wanafunzi wa misheni. Na mimi nimekukasirikia wewe pia. Wacha niseme. Unamwachiaje mtu wa mabibi arusi mwanafunzi wa madoa? Ungemwachia nani mwingine, najua, hakuna. Lakini nimekukasirikia.

Huyu hapa Sumaili, anapiga honi kama anayecheleweshwa ni yeye. Nachukua kamera, kitenge chenye picha, na kartoni zako. Nakwenda.

*

Papa, nimerudi.

Kiuno si changu tena. Ile barabara haijabadilika, imezidi tu. Mvua imekula pembeni mote, na kwenye mito wameweka magogo ambayo mtu anapita huku anaungama dhambi. Tulishuka kilima kile chekundu kwa miguu, tukisukuma pikipiki, na vijana wa baiskeli zenye mitungi ya mawese wanatupita wanacheka. Sumaili akaniuliza ni ndugu yangu gani anayeumwa. Nikamwambia hakuna mgonjwa, naenda kumwambia mtu neno moja. Akasimamisha pikipiki katikati ya matope. "Neno moja? Hakuna simu?" Nikamwambia hili halipiti ku simu. Akatikisa kichwa mpaka Lusangi.

Tuliwakuta uani wanamenya karanga, Mwamini na shangazi yake. Mwamini aliinuka akaniletea kiti, akaniletea maji, akanisalimu kwa heshima zote. Heshima zile ziliniuma, nilikuwa mgeni kweli. Akarudi kwenye karanga zake.

Shangazi ndiye aliyesema. Si mtu mbaya, Papa. Alisema, "Mama Riziki, sisi hatuna ubaya na wewe. Lakini mutoto amejisemea mwenyewe kazi hii haimutaki. Anasema mwalimu wake wa kwanza amekufa, na wa pili amechoka naye."

Nikaruka. "Nimechoka naye? Nani amesema nimechoka?"

Mwamini akajibu huku anatazama karanga, "Mutu akikuambia yote ni muzuri, yaya, amechoka na wewe. Anataka uende."

Aka! Nilitaka kujibu, na maneno nilikuwa nayo mengi, ya wateja, ya mashine, ya ulimi na pilipili. Sikuyasema. Niliinuka tu, nikafungua kile kitenge, nikaenda mlangoni pa jikoni kwa shangazi, penye mwanga. Nikageuza picha ya kwanza kichwa chini. Mwamini alipoona vile akaacha karanga. Akaja akasimama mbele yangu, mikono nyuma, mdomo amefunga.

Nilianza na mawese. Nikamwambia: "Jicho langu limeingia hapa, ku huu wekundu mukubwa, na limeshuka bila kusukumwa. Nimesahau mafuta. Nimesahau soko. Halafu limefika hapa pembeni likagonga kitu. Huu ukingo wa beseni unaniambia: hili ni beseni. Na mimi nilikuwa nimeshaondoka ku beseni." Nikatoa kartoni zako, nikaufungia ukingo nje. Papa, picha ilipanuka. Ilikuwa ndogo zaidi lakini ilipanuka. Shangazi mwenyewe, aliyekuwa anajifanya hatazami, akasema, "Eh."

Nikachukua zile baiskeli. Nikamwambia ukweli: "Hii sijaielewa. Jicho linazunguka, halipati pa kukaa. Labda ni mimi, labda ni wewe. Ipige tena asubuhi, jua likiwa chini, matope yawe na kivuli, halafu tuangalie wote." Aliitikia kwa kichwa. Niliona mabega yake yanashuka, mabega ya mtu anayetua mzigo. Kumbe "sijaielewa" ndilo neno tamu. Mimi ningejua wapi?

Kisha lile doa.

Nililigeuza, na mgongo ulikuwa unaniua kwa ajili ya ile barabara, nikaegemea. Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe ukashika ukuta wa jikoni. Jicho langu likaingia kwenye doa, likapanda kwenye vile vipande vilivyopasuka, likahesabu: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Nikatazama ukuta. Nikatazama mkono wangu mwenyewe juu ya ukuta. Nikatazama picha.

Ee Mungu wangu, Papa. Ni mkono wako.

Ni pale mlangoni petu, kwenye rangi ya buluu ya zamani, pale ulipokuwa unashika ukuta kila siku ukitazama picha za watu. Kiganja kile kimekaa hapo miaka yote, mafuta ya mkono, jasho, dawa za kusafishia filamu za zamani, ukuta ukayanywa. Nimepita hapo tangu usichana wangu, sijauona mkono. Mwamini aliuona. Na mimi, baada ya arobaini yako, nilichukua ndoo na brashi nikapaka chokaa juu yake. Nilipaka mara mbili, Papa, kwa sababu doa lilikuwa linarudi, na nikalilaani. Ndiyo maana Mama Zabibu hakunywa chai.

Nililia. Sikulia kwa adabu. Nililia kwa sauti mpaka jirani akachungulia juu ya ua, na Sumaili akainuka kwenye pikipiki akidhani kuna msiba kweli. Shangazi akanishika kiuno. Mwamini hakunishika. Alibaki amesimama, mikono nyuma, anangoja.

Na hapo, Papa, ndipo nilipokuhitaji kuliko siku nyingine yoyote. Maana mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema: hii ndiyo picha bora ya maisha yako. Nani angenilaumu? Machozi bado yananitiririka, shangazi naye ameanza kulia bila kujua anamlilia nani. Lakini nikakusikia. Unakumbuka ulivyokuwa unawaambia waliokuja kuchagua picha ya marehemu wao? Ulikuwa unawapa maji ya kunawa kwanza. "Unawe, ndipo uangalie. Macho yenye maji hayaone."

Nikaomba maji. Nikanawa uso. Nikaigeuza tena picha, nikatazama mpaka jicho likatulia. Kisha nikamwambia:

"Mwamini, hii picha inaniliza. Lakini mimi namulilia Papa, siililii picha. Mutu asiyemujua Papa akiiangalia, itamuambia nini? Jicho limeingia katikati, limekaa katikati, halikutoka. Umeweka doa katikati kabisa, umeacha nafasi sawa kila upande. Umemupiga Papa foto ya kitambulisho. Ku mawese hukuogopa, uliacha mafuta yaende yatokee yanapotaka. Hapa uliogopa. Ulisimama kwa heshima, na heshima ndiyo imekufunga mikono."

Nikasema moyoni, basi, umekwisha kumchoma, Riziki, panda pikipiki urudi.

Nikamuuliza lile swali lako, "Ulisimama pale sababu ya nini?"

Akasema, "Nilisikia unaongea habari ya chokaa, yaya. Nikapiga haraka kabla hujanunua brashi."

Alijua. Alijua kabla yangu, na hakunizuia, kwa sababu nyumba ni yangu na mimi ni mkubwa wake. Alifanya alichoweza kwa kile alichokuwa nacho mkononi. Papa, nilitamani ardhi ya Lusangi inimeze, na yeye akafuta uso wake kwa mgongo wa mkono, akachukua picha akaitazama yeye mwenyewe, kichwa chini, kwa muda mrefu. Akasema, "Ni kweli. Niliogopa. Nilipiga kama ananiangalia." Akachukua kartoni mkononi mwangu bila kuomba, akafinya upande mmoja, akaacha vidole tu, vinatoka nje kwenye ukingo. Akatikisa kichwa. "Bado. Ningesogea karibu. Sasa siwezi kurudilia, ukuta umekwisha."

Nikamwambia, "Ukuta umekwisha, ni mimi nimeumaliza."

Naye akanitazama, akatazama mkono wangu wa kushoto, ambao ulikuwa umerudi ukutani bila mimi kuutuma, na ndipo akacheka, kile kicheko chake cha siku ile mama wa Wamaza alipoona picha ya neti ya mbu imening'inia mlangoni akadhani ni picha ya kifua ya hospitali, akatupa pole za mgonjwa. Kile kile. Akasema, "Basi tutangoja."

"Tutangoja nini?"

"Mukono wako."

Nikautoa ukutani, nikatazama kiganja changu.

Hakurudi na mimi siku ile. Alisema lazima wamalize karanga, hawezi kumwachia shangazi nusu ya kazi. Nilimheshimu kwa hilo. Lakini kamera aliivaa shingoni palepale, juu ya nguo ya shambani. Shangazi akasonya, akasema, "Haya, na wachimba dhahabu watakula nini?" Sumaili akamjibu wapike wenyewe, wana mikono. Wakacheka wote wawili zaidi ya inavyostahili, na mimi nimeanza kumshuku Sumaili na hizo safari za Lusangi. Hiyo ni habari ya barua nyingine.

Mwamini alifika baada ya soko, matope mpaka magotini, na picha mpya za magurudumu ya baiskeli alizozipiga njiani asubuhi jua likiwa chini. Moja imekaa. Zingine, Papa, ni ovyo, na nimemwambia ni ovyo wapi. Alibisha juu ya mbili. Tulibishana mlangoni mpaka wateja wakakasirika, mmoja akaondoka. Kwa mara ya kwanza tangu ulipokwenda nyumba ilikuwa na kelele yake.

Ile ya mkono wako sikuitundika. Mama Zabibu aliposikia alikuja mwenyewe kuiomba. Aliishika kwa mikono miwili, hakuigeuza kichwa chini, hakuuliza jicho liingie wapi. Ameiweka chumbani kwenu, upande wako wa kitanda. Kwake iko katikati sawasawa, panapotakiwa. Na safari hii alikunywa chai.

Mimi bado siwezi kukaa. Hata sasa naandika nimesimama mlangoni, karatasi nimeiweka juu ya boksi, kalamu mkono wa kulia, wa kushoto ukutani. Chokaa bado ni nyeupe. Nimeisugua kwa kidole kuona kama unarudi tena, ulivyokuwa unarudi siku zile nilipokulaani. Hapana kitu.

Ulale vizuri, Papa Amisi. Sitakuita kila nikikwama, nitajitahidi kunawa uso kwanza. Yule mtoto nitammalizia, au yeye atanimaliza, tutaona. Neno lile la wageni halitatoka tena kinywani mwangu mbele ya picha yake. Na ukuta huu, hata ukichafuka namna gani, hata wa vitambulisho wakilalamika, hapa mlangoni sipaki tena.

Mimi mutoto wako,
Riziki